Baada ya Matanga Kuanuliwa



Katika mwambao wetu huu, tangu Tanga mjini mpaka Moa na Jasini, na hata ng'ambo ya mpaka kule Vanga, mtu akifa hapana anayehitaji kufundishwa wajibu wake. Habari hufika msikitini, ngalawa huachwa pwani na jembe huachwa shambani. Wanaume hutandika majamvi barazani, wanawake hushika moto jikoni kwa jirani, na kila mtu hutoa ubani wake kadiri alivyojaaliwa. Maiti huoshwa, huswaliwa, huzikwa. Kisha husomwa hitima, na siku ya tatu matanga huanuliwa. Majamvi hukunjwa, watu huagana, na kila mmoja hurejea kwenye riziki yake. Ni desturi njema tuliyoirithi kwa wazee wetu, na twamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo.

Lakini katika zama zetu kimeingia kifo cha namna nyingine, nacho ni kifo kiletwacho na magaidi. Mtu ametoka kwake asubuhi kwenda kazini, au yumo ndani ya basi, au amelala bwenini katika chuo anachosoma, akauawa na mtu asiyemjua wala asiyepata kugombana naye. Msiba wa namna hii huzidi kipimo cha siku tatu. Basi leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo moja tu: nyumba iliyofiwa namna hiyo ina haki gani juu yetu baada ya majamvi kukunjwa?

Hatuandiki haya kama watu waliokwisha timiza wajibu wao. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa jirani zetu alivuka mpaka kwenda kutafuta riziki, akauawa katika mojawapo ya mashambulio yaliyotokea Kenya. Tulikwenda kuzika. Tulikaa matanga. Tulisoma hitima, na sisi ndio tuliopewa heshima ya kuomba dua. Kisha tukarudi kwenye madrasa yetu, tusiupige hodi tena mlango ule hata ukapita mwaka mzima. Siku tuliyokwenda, mama wa marehemu alitupokea kwa uso mkunjufu, akatupa maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, mlikuja wengi, na mkaondoka wote siku moja." Hakutulaumu zaidi ya hapo. Lakini maneno hayo hayajatutoka masikioni, na ndiyo yaliyotusukuma kushika kalamu.

SIKU TATU NI ZA NINI?

Huenda mtu akasema, "Sheria imeweka siku tatu, mbona ninyi mwataka kuzidisha?" Neno hili lataka kufafanuliwa, kwa kuwa wengi hulichanganya. Sheria imekataza kukaa katika maombolezo zaidi ya siku tatu, isipokuwa mke aliyefiwa na mumewe, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Tena wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, miongoni mwao Imamu Nawawi, wamesema kuwa kutoa taazia baada ya siku tatu ni makuruhi, ila kwa mtu ambaye hakuwapo. Sababu waliyoitaja ni kwamba makusudio ya taazia ni kuutuliza moyo, na baada ya siku hizo moyo huwa umeanza kutulia. Basi kuyarudia maneno ya msiba ni kutonesha kidonda.

Tazama vizuri, ewe msomaji. Kilichochukiwa hapo ni kutonesha kidonda. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kumlisha yatima kuna mwisho wake siku ya tatu, au kumjulia hali mjane, au kumtafutia haki yake iliyopotea. Siku tatu ni mpaka wa maombolezo, wala si mpaka wa wema.

Na Bwana Mtume s.a.w. ametuonyesha jambo hili kwa vitendo. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Jaafar bin Abi Talib r.a. aliuawa katika vita vya Muuta. Mtume alikwenda nyumbani kwa mjane wake, Asmaa binti Umais, akawaita watoto, akawakumbatia na kuwanusa huku macho yake yakitiririka machozi. Kisha akawaagiza jamaa zake wawapikie watu wa Jaafar chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo lililowashughulisha. Hapa ndipo tulipopata asili ya kumpelekea mfiwa chakula, na sote twaijua hadithi hii mpaka hapo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Zilipokwisha siku tatu Mtume alirudi. Aliwaambia wasimlilie tena Jaafar baada ya siku hiyo, akaagiza kinyozi aitwe awanyoe watoto, akawatia moyo kwa kumtaja kila mmoja amefanana na nani katika ukoo. Na mama yao alipoutaja uyatima wao, alimwambia asiwakhofie ufukara hali yeye Mtume ndiye mlezi wao duniani na akhera. Basi siku ya tatu, ambayo kwetu ni siku ya kuondoka, kwake ilikuwa siku ya kurudi.

Upo na mfano mwingine ulio karibu zaidi na maneno yetu. Katika mwaka wa 4 wa Hijra, masahaba wapatao 70, wasomaji wa Kurani, walitumwa kwenda kufundisha dini baada ya kuahidiwa amani. Walipofika penye kisima kiitwacho Bir Mauna waliuawa kwa khiyana. Mmoja wao, Haram bin Milhan, alichomwa mkuki kwa nyuma naye yumo katika kufikisha ujumbe. Haram alikuwa na dada, jina lake Ummu Sulaim, mama yake Anas bin Malik. Anas ametusimulia kuwa Mtume hakuwa akizoea kuingia nyumba ya mwanamke Madina, ukiacha nyumba za wakeze, ila nyumba ya Ummu Sulaim. Alipoulizwa sababu yake, alijibu kwamba anamwonea huruma, kwa kuwa ndugu yake aliuawa akiwa pamoja naye.

Hayakuwa mazuru ya siku tatu hayo, wala ya arobaini. Yalikuwa mazoea. Nyumba iliyompoteza mtu wake kwa khiyana ilifanywa nyumba isiyosahauliwa.

IJUMAA YA TAREHE 7 AGOSTI, 1998

Tuje sasa katika nchi zetu. Watu wazima wote waikumbuka siku hiyo, lakini vijana wengi wanaosoma gazeti hili walikuwa hawajazaliwa, kwa hiyo yafaa tuwasimulie.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, yapata saa nne na nusu za asubuhi, watu wakiwa makazini na wengine wakijiandaa kwa Sala ya Ijumaa. Mabomu mawili yaliyotegwa ndani ya magari yaliripuka, yakipishana kwa dakika chache tu: moja katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na la pili katika ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na waliojeruhiwa walizidi 4,000. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi, ambalo ndani yake kilikuwamo chuo cha kufundishia ukarani, liliporomoka lote. Kwa kuwa bomu lilitanguliwa na mshindo mdogo, watu wengi wa majumba ya karibu walikimbilia madirishani wapate kuona kuna nini. Ulipokuja mshindo mkubwa vioo vikawapasukia nyusoni, na wengi wakapofuka. Dar es Salaam walikufa watu 11, na 85 wakajeruhiwa.

Waliofanya kitendo hicho, watu wa al-Qaeda, walisema kuwa wameipiga Marekani. Lakini tuhesabu. Katika wale 213 wa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Katika wale 11 wa Dar es Salaam, hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Waliokufa walikuwa watu wetu: walinzi, makarani, wanafunzi, abiria wa mabasi, wapita njia, Waislamu na Wakristo pamoja. Kwa Waislamu waliofunikwa na kifusi siku ile, ipo liwazo katika hadithi sahihi, kwani Mtume amemhesabu afaye kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Hilo ni fungu la marehemu kwa Mola wake. Ama fungu la waliobaki, hilo limewekwa mikononi mwetu.

Nini kilichowapata waliobaki? Palipokuwa pamesimama ubalozi wa Nairobi pakafanywa bustani ya kumbukumbu, iliyofunguliwa mwaka 2001, nayo ina ukuta wenye majina ya waliokufa. Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, pamewekwa kumbukumbu ya msiba huo. Haya ni mazuri. Lakini jiwe halilipi karo ya mtoto. Mahakama za Marekani ziliamua kwamba serikali ya Sudan ya zamani ilibeba sehemu ya dhima, kwa kuwa iliwapa al-Qaeda makao. Na kwa mapatano yaliyofikiwa mwaka 2020 Sudan ilitoa dola milioni 335 kwa ajili ya waathirika wa mashambulio hayo na mengineyo, fedha zikafunguliwa mwaka 2021. Hizo zilihusu zaidi raia wa Marekani na wenyeji waliokuwa watumishi wa balozi, pamoja na jamaa zao. Ama wapita njia, na wale waliokuwa katika majengo ya jirani, ambao Nairobi ndio waliokuwa wengi, walibaki wakidai mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyepofuka akiwa kijana wa miaka 20 siku ile, leo ni mtu mzima aliyekwisha pita miaka 40, na bado kuna wanaouliza, "Haki yetu iko wapi?" Hivyo ndivyo msiba huu unavyokuwa mrefu. Wahenga walisema: Mwenye kovu usidhani kapoa.

SWALI LA MTOTO WA CHUONI

Tarehe 2 Aprili, 2015, alfajiri ya Alhamisi, watu wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi Wakristo. Maiti walipelekwa Nairobi, na kwa siku nyingi wazazi waliotoka pande zote za Kenya walikuwa wakingoja katika chumba cha maiti cha Chiromo, kila mmoja akitafuta sura ya mwanawe.

Juma lile, mtoto mmoja wa madrasa yetu alituuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, hao waliowauliza watu dini zao, nao walisoma chuoni kama sisi?"

Tulinyamaza kidogo, kwani lilikuwa swali zito kuliko umri wa muulizaji. Kisha tukamjibu kuwa yawezekana walisoma herufi. Lakini Kurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, yafundisha kwamba mwenye kuua nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote, na mwenye kuiokoa ni kama aliyewaokoa watu wote. Mwenye kusoma haya kisha akaua wanafunzi usingizini, huyo Kurani haikumpita kooni. Mtoto aliridhika. Sisi hatukuridhika. Tulijua kwamba jibu la ulimi ni nusu ya jibu. Muuaji ametumia jina la dini yetu kwa mkono wake. Nasi hatuwezi kumkanusha kwa midomo tu huku mikono yetu imekaa mapajani. Jibu kamili ni Mwislamu aonekane mlangoni kwa mfiwa, awe mfiwa huyo ni Mwislamu au Mkristo, naye amebeba chakula.

Na alitokea mwalimu aliyelitoa jibu hilo kwa damu yake. Tarehe 21 Desemba, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini ya Kenya, lilisimamishwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge, nao wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwagawia wenzao Wakristo nguo za kujifunika ili wasitambulikane. Miongoni mwa waliokataa alikuwamo Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi, naye akafariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari, 2016. Wakenya wa dini zote walimlilia, na wengi wakaichangia familia yake. Watoto wetu wa chuoni yafaa walijue jina hili, kwani ndilo jibu bora la swali lile.

WAFIWA WANAHITAJI NINI?

Katika kuzungumza na wafiwa, na katika kuyatazama yaliyopita, sisi tumeona mambo manne.

Kwanza, kusikilizwa pasipo kuhojiwa. Kifo cha namna hii huleta watu wa magazeti, polisi, na wadadisi wenye simu mikononi. Mfiwa huelezea habari ile ile mara kumi kwa watu asiowajua, kisha hana hata mmoja wa kumwambia kwamba usiku hapati usingizi. Kwa hiyo ukienda kwake usimwulize marehemu alikufaje. Mwulize amekula nini. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Pili, msaada wa karatasi. Jambo hili laonekana dogo, nalo limezamisha nyumba nyingi. Pahitajika cheti cha kifo, na mtu wetu akifia ng'ambo ya mpaka cheti hutolewa huko. Pahitajika mirathi, ambayo kwetu Tanzania Bara Waislamu huifungua Mahakama ya Mwanzo, na Kenya huenda kwa Kadhi. Pakiwapo madai ya fidia kuna fomu na siku za mwisho. Na mjane yumo edani! Sheria yamruhusu kutoka mchana kwa haja yake, lakini desturi zetu aghalabu humzuia, na siku nazo zaenda. Basi jamaa au jirani ajuaye kusoma na kuandika na afanye ibada hiyo: achukue karatasi za mjane, azunguke nazo maofisini kwa idhini yake, arudi amsomee kila neno. Wala asijichukulie hata senti moja ya yatima, kwani alaye mali ya yatima kwa dhuluma ameonywa kuwa anakula moto.

Tatu, kukumbukwa katika siku zake. Mwezi wa Januari watoto wafungua shule. Nani atanunua madaftari? Usiku wa kwanza wa Ramadhani pana nafasi tupu kwenye futari. Sikukuu ya Idi kila mtoto ashikwa mkono na babake kwenda uwanjani kusali. Na kila mwaka tarehe ile ya msiba hurudi. Hizo ndizo siku za kupiga hodi.

Nne, kutoogopwa. Hapa twasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Katika mwambao wa Kenya na wa Tanzania wapo vijana waliohadaiwa na watu hao, wakavuka kwenda Somalia, na wengine hawakurudi. Huko nyuma wamewaacha mama, wake na watoto. Hatusemi kuwa huzuni ya nyumba hizo ni sawa na huzuni ya nyumba za waliouawa. Mwenye kudhulumu na mwenye kudhulumiwa si sawa. Lakini Kurani imetufundisha kuwa hapana nafsi ibebayo dhambi ya nafsi nyingine. Mtoto mchanga wa kijana huyo hakumwua mtu. Tukimfungia mlango, yule aliyemchukua baba yake atakuja kumfungulia wake.

KUZIUNGANISHA NYUMBA ZILIZOFIWA

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu halijazoeleka, nalo ni kuwakutanisha wafiwa kwa wafiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi ambao hatukufikwa, hata tukiwa na ilimu nyingi, twasimama nje ya mlango. Lakini mama aliyempoteza mwanawe kwa bomu akikaa karibu na mama mwenziwe aliyefikwa na hayo hayo, aghalabu hawana haja hata ya kusema.

Wengine wametutangulia katika jambo hili. Nairobi, waathirika wa 1998 waliunda vyama vyao, na kila tarehe 7 Agosti hukutana katika ile bustani ya kumbukumbu. Marekani, ambako karibu watu 3,000 waliuawa tarehe 11 Septemba, 2001, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu, familia zilijikusanya kulea mayatima pamoja; na chama kimoja kati ya hivyo, Tuesday's Children, mwaka 2008 kilianza kuwakutanisha vijana kutoka nchi mbalimbali waliofiwa na jamaa zao kwa ugaidi. Umoja wa Mataifa nao, mwishoni mwa mwaka 2017, ulipitisha kwamba tarehe 21 Agosti ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbuka waathirika wa ugaidi duniani.

Nasi Waislamu tumepata kuwa upande wa kupokea wema huo. Tarehe 15 Machi, 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja mwenye chuki juu ya Waislamu aliingia katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, akawaua watu 51. Ijumaa iliyofuata, maelfu ya watu wasio Waislamu walikuja wakasimama karibu na Waislamu waliokuwa wakisali uwanjani mbele ya msikiti, na wanawake wengi wa huko wakajitanda vitambaa vichwani kwa heshima ya wafiwa. Katika Hija ya mwaka huo, jamaa za waliouawa na walionusurika, watu 200, walialikwa Makka kuwa wageni wa Mfalme wa Saudi Arabia. Fikiri, ewe ndugu: wafiwa 200 katika Arafa, kila mmoja ajua kwamba aliye ubavuni mwake amebeba mzigo kama wake. Kukutana huko kulikuwa dawa.

Kama watu wa New Zealand waliweza kusimama nyuma ya safu zetu, je, sisi twashindwaje kwenda kwa mzazi Mkristo aliyempoteza mwanawe Garissa? Wapo wanaoona haya, wakidhani ni kosa. Na wakumbuke kwamba ilipita jeneza ya Myahudi, Mtume akasimama. Alipoambiwa kuwa ni ya Myahudi, akawarudishia swali: kwani hiyo si nafsi?

KAZI YA KILA NYUMBA

Huenda msomaji wetu akasema kwamba sisi ni watu wa kijiji kidogo cha wavuvi, hatuna fedha wala ofisi. Kweli. Lakini mambo tunayoyataka hayahitaji ofisi.

Kila msikiti na kila madrasa na iwe na daftari moja. Ndani yake yaandikwe majina ya nyumba zilizofiwa kwa msiba wa namna hii, na mbele ya kila jina liandikwe jina la mtu mmoja mwenye dhamana ya kuizuru nyumba hiyo: baada ya arobaini, ufunguzi wa shule, mwanzo wa Ramadhani, Idi zote mbili, na siku ya kumbukumbu ya msiba. Kazi ya watu wote haina mwenyewe. Lakini likiandikwa jina moja, yule mtu ataona haya mbele ya Mungu na mbele ya wenziwe.

Pili, wafiwa wajulishane. Watu wa Moa na watu wa Vanga ni ndugu. Twaoana, twazikana, na bahari yetu ni moja. Kama kuna mama huku na mama kule waliofikwa na jambo moja, si vigumu kuwapatia nambari za simu, au kuchanga nauli mmoja amzuru mwenziwe, ikiwa wenyewe wanataka. Wasilazimishwe, wala majina yao yasitangazwe. Wao ndio wenye msiba wao.

Tatu, vijana wetu, ninyi mna kazi makhsusi. Zikitokea habari za shambulio, picha za maiti hufika katika simu zenu kabla ya jamaa kupata habari. Msizipeleke mbele. Maiti ana stara yake, na picha hiyo yaweza kumfikia mamake. Na mkisikia mtu barazani akiwasifu wauaji, au akisema kuwa waliouawa walistahili, msicheke wala msinyamaze. Mwambieni habari za Salah Farah.

Nne, kinamama, ambao ndio nguzo ya matanga yetu, wasiiache sufuria ya mfiwa siku ya tatu. Sahani moja ya wali kila Ijumaa, ikipelekwa na mtoto, yatosha kumwambia mjane kwamba bado yumo katika hesabu ya watu.

Ama sisi wenyewe, tulikwisha anza kwa kurudi kwenye mlango ule tuliousahau. Twaenda kila mwezi, baada ya Alasiri. Hatuendi na maneno mengi. Mara nyingi twazungumza habari za samaki, na za mvua, na za wajukuu. Siku moja yule mama alitutolea daftari la shule la marehemu mwanawe, akatuonyesha mwandiko wake, akasema hajapata kumwonyesha mtu. Tulilipokea kwa mikono miwili, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa, naye akikaa pembeni akitutazama. Alipotusindikiza hakusema neno la mwaka ule. Alisema, "Haya, Mwalimu, mwezi ujao."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliouawa kwa dhuluma katika nchi zetu, awape subira jamaa zao, awaponye waliojeruhiwa, awalinde vijana wetu na wahadaifu, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaorudi. Amin.

Mwalimu wa Madrasa,
Moa, Tanga.